UZI: Leta picha ya zamani yenye gari, tulitambue gari na tukadirie mwaka

Kabureta (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Juzi kwenye grupu la ukoo ndugu yangu mmoja katupia picha ya babu ameegemea gari, suti imemkaa, kofia mkononi. Chini kaandika "Babu siku ya Uhuru, 1961". Watu wakamwaga makopakopa. Mimi macho yakaenda kwenye gari. Ni Ford Cortina, tena si ile ya kwanza yenye taa za nyuma za duara zilizogawanywa vipande vitatu. Ni toleo la pili, bodi ya kisanduku, taa za nyuma za pembe nne. Cortina ya kwanza ilitoka 1962, ya pili 1966. Babu kapendeza, sikatai, ila Desemba 1961 hilo gari halikuwepo duniani.

Nimeona tuwe na uzi wa kazi hii maana najua wengi mna albamu zinaliwa na mchwa kabatini. Mambo mawili kabla hamjaanza kutupia.

Gari linakupa mwaka wa kuanzia tu, halikupi mwaka wa picha. Huku kwetu gari halifi. Peugeot 404 ya mwaka 1964 unaikuta kwenye harusi ya 1985 imebeba maharusi, rangi imeshapigwa mara kadhaa na bampa ni ya kuchomelea. Mwaka wa kuishia utafute kwenye vitu vingine: jengo, bango la duka, jina la barabara, bendera, mavazi. Mtu amevaa bugaluu na raizoni, mitindo ya miaka ya 70, usiniambie ni enzi za Gavana Twining wa miaka ya 50.

La pili, usikimbilie nembo. Nembo huibwa, hudondoka, na fundi akikosa ya kwako anabandika ya jirani. Anza na paa na nguzo zinazolibeba, mkato wa kioo cha nyuma, halafu taa. Ford Anglia ya 1959 hadi miaka ya mwisho ya 60 utaijua hata picha ikiwa na ukungu, kwa sababu kioo chake cha nyuma kimelala kinyume, juu kimetokeza nyuma na chini kimeingia ndani. Ukikuta kioo cha namna hiyo waliobaki kwenye orodha ni wachache, kama Ford Consul Classic na Citroën Ami 6.

Leteni picha.

MtotoWaNgamiani

Mkuu mbona unajichosha? Si mtu anaweka Google Lens inamwambia kila kitu.

Kabureta

Lens inasaidia gari likiwa zima na limepigwa kwa pembe nzuri. Sasa mpe picha yetu ya kawaida: wajomba saba wamesimama mbele ya gari, kinachoonekana ni nusu ya taa na kipande cha bampa. Inakuletea magari matano ya nchi tano. Na jambo jingine, acheni kuzitia rangi picha kwa AI halafu ndiyo mniletee. Ile programu haijui gari lilikuwa na rangi gani, inabuni. Na mara nyingi inalainisha sho (ule wavu wa mbele ya radieta) na taa mpaka alama tunazozitafuta zinafutika. Leteni picha yenyewe, imeskaniwa, na WhatsApp itumeni kama document isibanwe.

Mama Tukuyu

Habari zenu. Mimi nina picha ya misheni, padri na makatekista na Land Rover. Nyuma imeandikwa kwa penseli "1955" lakini mwandiko si wa wakati ule, ni wa shangazi yangu, na shangazi kazaliwa 1960. Taa za mbele zimebanana katikati pale kwenye sho, haziko kwenye madigadi. Ubavuni chini ya madirisha bodi ina kama bega, imetuna kidogo halafu inashuka.

Kabureta

Dada, hilo bega ndilo jibu lako. Land Rover za mwanzo, Series I kuanzia 1948, ubavu wake ni bapa kama ubao, umeshuka moja kwa moja. Bega lililotuna lilikuja na Series II mwaka 1958. Kwa hiyo 1955 ya shangazi futa.

Upande wa pili, taa kuwa katikati. Zilihamishiwa kwenye madigadi kati ya 1968 na 1969 kwenye Series IIA, na Series III ya 1971 ikaja nazo hukohuko pamoja na sho ya plastiki. Gari lako basi limetengenezwa kati ya 1958 na 1969 hivi. Picha yaweza kuwa ya baadaye zaidi.

Mstaafu wa Bandari

Hapo niongeze neno. Nimeendesha hizo gari za serikali na nimezifungua. Land Rover ni gari la nati, kila kitu kinafunguka kwa spana. Ikigonga mti mbele, fundi anafunga uso wa nyingine iliyokufa. Nimeona Series II yenye uso wa Series III, na milango ya tatu tofauti. Msitazame mbele peke yake. Tazameni ubavu na mbele, vikigombana muamini ubavu.

Kabureta

Shikamoo mzee. Hiyo ni dhahabu. Mama Tukuyu, bega na taa vya kwako havigombani, tulia.

Mstaafu wa Bandari

Marahaba. Padri naye mtazameni kiatu.

Njoro wa Naks

Wadau niaje. Mimi niko Nakuru. Kuna picha ya buda yangu akiwa Nairobi, gari iko na mapezi nyuma, rangi nyeupe. Mimi nasema ni Peugeot 404, binamu yangu anabisha ni Austin Cambridge na amekataa kabisa kunisikiza. Tumeekeana elfu moja. Picha iko hapo chini.

Kabureta

Njoro, hii vita ni ya kihalali kabisa wala binamu si mjinga. Magari hayo mawili yalichorwa na nyumba moja, Pininfarina wa Italia. Waingereza wa BMC walitoa Austin A55 Cambridge mpya na Morris Oxford Series V mwaka 1959, na Peugeot wakaja na 404 mwaka 1960. Ukiyatazama kwa mbali, paa lilelile, mapezi yaleyale, kimo kinakaribiana. Wakati ule kuna waliosema mchoraji aliuza mchoro mmoja mara mbili.

Sasa yatenganishe hivi. Anza mbele, katikati ya sho. 404 ina simba amesimama hapo, na ikiwa simba kaibwa (huibwa sana) mara nyingi pengo lake linabaki. Kisha tazama boneti. Ya 404 imelala chini kuliko madigadi, kwa sababu injini yake imeinamishwa nyuzi 45 upande mmoja, haikusimama wima. Ya Austin imeinuka zaidi katikati. Tairi nazo: 404 ilikuja na rimu za inchi 15, Cambridge inchi 14, na kwenye picha ya ubavu 404 inaonekana imesimama juu ya miguu kidogo, ndiyo maana barabara za vumbi ziliipenda.

Ubavuni Waingereza walipenda ule mkanda wa kromu unaozunguka kipande cha rangi ya pili, hasa Oxford. Ukiona gari la mapezi lenye rangi mbili, chini krimu juu kijani, weka dau lako Uingereza. Na mapezi yenyewe: ya A55 yamechongoka juu kwelikweli, walipotoa A60 mwaka 1961 wakayapunguza ncha.

Nimekuza picha yako. Sho ina duara tupu katikati, boneti iko chini, hakuna mkanda wa rangi ya pili. Ni 404. Binamu alipe.

Njoro wa Naks

🤣🤣 Screenshot imetumwa. Amesema anataka maoni ya pili.

Mstaafu wa Bandari

Ni 404. Hayo ndiyo maoni ya pili. Gia zilikuwa kwenye steringi, mbele mnakaa watatu bila kugombana. Na hii gari ilishinda mashindano ya magari ya Safari mara nne, 1963, 1966, 1967 na 1968. Ya 66 na 67 alishinda Bert Shankland, mtu wa Dar es Salaam hapa, na Chris Rothwell. 1963 na 1968 alikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, na miaka yote hiyo miwili waliofika mwisho ni magari saba tu, mengine yote yalibaki kwenye tope. Mnaosema gari za Kifaransa laini hamkuwepo.

Kabureta

Mzee kanikumbusha. Mwenye picha ya Safari ana bahati, kwa sababu jina la mashindano linasaidia kukisia mwaka. Kuanzia 1953 yaliitwa Coronation Safari, kwa heshima ya kutawazwa Malkia Elizabeth. 1960 yakawa East African Safari, na katikati ya miaka ya 70 yakawa Safari Rally. Ukiona bango nyuma ya gari, soma jina kwanza.

Njoro, kwenye picha yako je, nyuma ya buda kuna ule mnara wa duara wa Hilton?

Njoro wa Naks

Hakuna. Na hapo ni town kabisa, upande ule ungeonekana.

Kabureta

Hilton ya Nairobi ilifunguliwa 1969. Kama kweli ni upande ule, picha ni kati ya 1960 na muda mfupi kabla ya hapo. Namba ya gari inasomeka? Kenya ilitumia herufi tatu zinazoanza na K na tarakimu, wakaenda mpaka KZZ, na 1989 ndipo wakaanza upya na KAA 001A. Herufi zinapanda kwa wakati, hivyo mwenye orodha ya magari ya Safari ya mwaka fulani anaweza kulinganisha namba yako na zao akajua lilisajiliwa lini. Ila kumbuka, namba ni ya siku gari liliposajiliwa. Picha ni baadaye.

Njoro wa Naks

Inaanza na KH, hiyo ya tatu imefunikwa na mguu wa buda.

Kabureta

KH ni katikati ya miaka ya 60. Sasa tuko 1964 hivi hadi 1969. Buda alikuwa na miaka mingapi?

Njoro wa Naks

Alizaliwa 43. Hapo anakaa kijana wa kama 23. Inaingia kabisa!

Lubum243

Jambo sana bandugu. Mimi niko Lubumbashi. Nina picha ya mzee wangu, imeandikwa nyuma "Elisabethville" bila mwaka. Gari ni ya Kimarekani, kubwa, Chevrolet, inaonekana upande wa nyuma tu. Mabawa ya nyuma yamechongoka. Rafiki moja anasema ni ya 1955.

Kabureta

Karibu sana ndugu. Chevrolet za 1955, 56 na 57 watu huzichanganya kwa sababu ni ndugu wa tumbo moja, bodi ile ile inabadilishwa nguo kila mwaka. Kwa mbele ni rahisi: 1955 sho ni ndogo ya vijisanduku, 1956 imetanuka mpaka kwenye taa. Wewe una nyuma tu, na nyuma yako imesema yenyewe. Mapezi marefu yaliyochongoka ni ya 1957. Za 1955 na 56 mgongo wake ni mpole.

Wamarekani huanza kuuza modeli ya mwaka ujao tangu msimu wa vuli, hivyo ya "1957" ilikuwa sokoni mwishoni mwa 1956. Ongeza safari ya meli. Na Elisabethville ilibadilishwa kuwa Lubumbashi 1966. Aliyeandika nyuma kama aliandika wakati huohuo, picha yako iko kati ya 1957 na 1966. Hapo katikati mna uhuru wa Juni 1960 na mambo ya Katanga kujitenga, kwa hiyo tazama kama kuna askari, bendera au bango. Miaka tisa hiyo haifanani hata kidogo kule kwenu.

Lubum243

Kuna bendera ndogo juu ya jengo lakini haionekane vizuri. Nitaenda kuskani tena. Aksanti sana.

BintiMkunazini

Assalaam alaykum. Mie nna picha ya babu yangu Unguja, kakaa ndani ya gari, Morris Minor, kioo cha mbele ni kimoja hakikugawika. Sasa kinachonishangaza, usukani uko kushoto. Zanzibar lini tuliendesha gari za usukani kushoto? Mjomba kasema labda ilikuwa ya balozi.

Kabureta

Waalaykum salaam. Kabla ya kumtafuta balozi, tazama shati la babu. Mfuko wa shati la kiume huwa kifua cha kushoto. Uko upande gani?

BintiMkunazini

Wa kulia! Na saa kaivaa mkono wa kulia.

Kabureta

Negativu imegeuzwa wakati wa kusafisha au kuskani. Babu yuko salama, gari lake ni la usukani kulia kama kawaida, picha ndiyo imewatazamisha kinyume, kama kwenye kioo. Hii inatokea mara nyingi sana kuliko watu wanavyodhani. Mtu kuvaa saa mkono wa kulia inawezekana, lakini mfuko, vifungo na usukani vyote vikihama pamoja, ni picha iliyohama. Igeuze kwenye simu utaona namba ya gari inasomeka vizuri.

Kuhusu gari: Morris Minor ilianza 1948 na kioo cha mbele cha vipande viwili, kikawa kimoja mwaka 1956 ilipoitwa Minor 1000. Kwa hiyo ni 1956 kwenda mbele.

BintiMkunazini

Subhanallah, nimegeuza, namba imesomeka. Na ule mlango uliokuwa ukitusumbua hatujui ni wapi, sasa umekaa upande wake, ni duka la Mkunazini lile. Mjomba namwambia balozi karudi kwao.

MtotoWaNgamiani

Nimekaa nasoma tangu asubuhi kazini sijafanya kitu. Mkuu, na picha za kale kabisa je? Zile za Mjerumani?

Kabureta

Pale kanuni inabadilika. Magari ya kabla ya miaka ya 1930 hayana bodi ya kukusaidia, yote ni masanduku yenye magurudumu ya miti na madigadi ya bati. Unachosoma ni radieta: umbo la kilele chake na nembo iliyo juu. Ford Model T, ambayo ilitengenezwa 1908 hadi 1927, radieta yake ilikuwa ya shaba inayong'aa mpaka modeli za 1916, kisha ikapakwa nyeusi. Hilo peke yake linakukatia miaka vipande viwili.

Kwa Dar es Salaam picha za gari ninazozipenda kuliko zote ni za Paul Graetz, ofisa wa Kijerumani aliyetoka Dar Agosti 10, 1907 na gari la Gaggenau lililojengwa kwa agizo lake, magurudumu marefu mno ili lipite juu ya mawe, akafika Swakopmund upande wa Atlantiki Mei 1, 1909. Ukiona picha ya Mzungu, gari lililoinuka juu mno, na watu wengi wanavuta kamba, yawezekana kabisa ni yeye. Mara kadhaa katika safari ile gari ndilo lililovutwa.

Mstaafu wa Bandari

Na mjue jambo moja ninyi vijana mnaotafuta urithi. Nusu ya magari kwenye hizo picha hayakuwa ya babu zenu. Gari likiegeshwa mbele ya posta, mpigapicha anakuita, unaegemea, unalipa shilingi yako, unaondoka. Mwenye gari yuko ndani ananunua stempu. Mimi mwenyewe nina picha na Mercedes ya mapezi, na wakati ule sikuwa hata na baiskeli.

Mama Tukuyu

😂😂😂 Mzee umevunja nyumba nyingi leo.

Kabureta

Mzee, Mercedes yako taa za mbele zilikuwa duara au zimesimama wima?

Mstaafu wa Bandari

Za duara.

Kabureta

Basi yaelekea ni 190 au 200, miaka ya 1961 hadi 68. Zenye taa ndefu za wima ndizo 220, za wakubwa. Uliegemea ya bei nafuu.

Mstaafu wa Bandari

Ilitosha kutuma kijijini.

MtotoWaNgamiani

Haya na mimi nijaribu. Picha ya mama akiwa mdogo, Tanga, kakaa juu ya ngazi ya nyumba. Gari limekatwa, kinachoonekana ni gurudumu la nyuma na nusu ya mlango. Hakuna nembo, hakuna taa. Hii mkuu hutoboi.

Kabureta

Nimekuza. Hesabu nati za gurudumu.

MtotoWaNgamiani

Tatu.

Kabureta

Magari mengi ya wakati ule yana nne au tano. Kati ya zenye tatu kuna Citroën 2CV na Renault 4. Sasa tazama kioo cha mlango. Cha 2CV kinakunjwa kwenda juu nusu. Hiki chako kina mstari wa wima katikati na kipande kimoja kimepita nyuma ya kingine, yaani kinatelezeshwa. Ni Renault 4, ilitoka 1961 na Wafaransa waliitengeneza mpaka miaka ya 90 mwanzoni. Ni gari lililochongwa kwa ubahili wa ajabu: umbali wa magurudumu ya mbele na nyuma upande mmoja si sawa na upande wa pili, unapishana kama sentimita tano, kwa sababu vyuma vya springi za nyuma vimelazwa kimoja nyuma ya kingine.

Njoro wa Naks

Hiyo huku tuliita Roho! Renault Roho.

MtotoWaNgamiani

Nimempigia mama. Anasema ilikuwa ya mwalimu mkuu, na walikuwa wanaisukuma kila Jumatatu.